Nimefuta ile video ya gundi ya Turkana

Wasee, wale mmenitafuta tangu Jumamosi mkiuliza ile video imeenda wapi: nimeifuta mwenyewe. Hakuna mtu ameniripoti, hakuna kampuni imenitisha, na sijanunuliwa na yeyote. Nimeifuta kwa sababu haikuwa kweli. Ama niseme ilikuwa kweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo imeniletea kesi.

Kwa wale hawakuiona, ilikuwa ya sekunde 58. Niko jikoni kwangu Githurai, nimeshika chupa ya jamu yenye kitu cheupe kizito kama tui. Nasema haya ni mafuta na maji, vitu ambavyo havipatani, lakini nimeviweka pamoja siku tatu na havijaachana kwa sababu ya gundi ya mti unaomea Turkana. Halafu naikaribia kamera, macho nimeyatoa, namalizia: "Gundi ya Turkana ndiyo itatoa mafuta ya Turkana, na kuna watu hawataki ujue."

Watu laki tatu na kitu waliitazama. Kwa kawaida mimi napata elfu mbili, tatu hivi, na nusu ya hao ni binamu zangu.

Leo naandika badala ya kurekodi kwa sababu nikiwasha kamera huwa naanza kuigiza. Mniwie radhi kwa urefu.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo. Wale wa komenti hunikumbusha kila wiki. Ambacho sijawahi kuwaambia ni kwamba nilikuwa nasomea uhandisi wa petroli, na niliufanya huo uamuzi nikiwa na miaka kumi. Machi 2012, Rais Kibaki alipotangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana kwenye kisima cha Ngamia 1, tulikuwa kwetu Mariakani, redio iko juu ya meza. Baba akanipiga bega akasema, "Huyu sasa ni injinia wa mafuta." Baba ni dereva wa lori, hana mchezo na maneno. Kuanzia siku hiyo nilikuwa injinia wa mafuta, hata nilipopata 38 ya hesabu.

Halafu 2018 mafuta yenyewe yakapita mbele ya nyumba yetu. Sitanii. Yalikuwa yanabebwa kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa, na barabara ni ile yetu. Tulikuwa tunasimama kando ya lami kuyatazama. Baba ndiye alinieleza kwamba yale matangi yamefunikwa ili joto lisipotee, kwa sababu mafuta ya Turkana yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama kimbo. Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka Mombasa na mapipa zaidi ya 200,000. Mimi nilikuwa kidato cha tatu na nilijiona kama ile meli ni yangu. 2020 malori yakasimama. Mwaka uliofuata nikaingia chuo, baba ameshauza minazi kumi na saba ya urithi wake kunilipia mwaka wa kwanza.

Mwaka wa tatu karo ikakwama, lori la baba likakwama, na mimi nikachoka kukaa nje ya mlango wa mtihani na karatasi ya deni mkononi. Nikatoka. Mwaka 2025 kampuni ya Tullow ilipouza mali yake yote ya Kenya kwa Gulf Energy, kwa dola zisizopungua milioni 120, niliisoma hiyo habari nikiwa napakia sabuni ya maji kwenye mitungi ya lita tano. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Video ni matumaini tu.

Lakini sabuni ndiyo imenirudisha kwenye mafuta, kwa hivyo tuanzie hapo.

Kila mtu anayepika sabuni ya maji mtaani anajua Ufacid na Ungerol. Unanunua kwa kilo, unakoroga na maji, unaongeza chumvi hadi inashika uzito, rangi, harufu, basi. Kitaalamu hivyo vitu vinaitwa safaktanti. Ni molekuli yenye vichwa viwili, tuseme: upande mmoja unapenda maji, upande mwingine unakimbilia mafuta. Ukiosha sufuria ya pilau, ule upande wa mafuta unajichomeka kwenye mafuta, ule mwingine unabaki nje kwenye maji, na tone la mafuta linajikuta limezungukwa na watu wa maji. Linaondoka likielea. Ni kama mpatanishi wa wazee wawili ambao hawasalimiani: anakaa kati, ameshika mkono wa kila mmoja.

Sasa peleka hiyo picha chini ya ardhi. Watu wengi hudhani mafuta yako chini kama ziwa. Hapana. Yako ndani ya mwamba, kwenye vitundu vidogo, kama maji yanavyokaa ndani ya yale mawe ya matumbawe tunayojengea kwetu Pwani. Ukitoboa kisima, mwanzoni presha ya ardhi inayasukuma yenyewe. Presha ikiisha, kampuni inasukuma maji upande mmoja ili mafuta yatokee upande wa pili. Tatizo ni kwamba maji ni mvivu, yanapita penye njia rahisi. Yakishapata mfereji wao hayaangalii kulia wala kushoto, na mafuta ya vichochoroni yanaachwa hapo hapo, yamenasa kwenye vitundu kama tone lililoshika kwenye mrija. Ndiyo maana kwa wastani dunia hutoa kama theluthi moja tu ya mafuta yaliyomo kwenye mwamba. Theluthi mbili hubaki. Hii kitu iliniuma sana nilipoisoma mwaka wa pili. Yaani unachimba, unagombana na wenyeji, unajenga barabara, halafu nyingi unaziacha chini.

Kwa hivyo kuna dawa mbili. Ya kwanza ni safaktanti. Mpaka kati ya mafuta na maji una mvutano fulani, ndio unaofanya tone likatae kubadilisha umbo na kupenya kwenye kitundu chembamba. Ukitaka lile tone linase lisinase, inabidi uushushe huo mvutano mara elfu moja, wakati mwingine elfu kumi. Safaktanti nzuri inaweza. Ya pili ni emulsheni, yaani mafuta na maji yaliyochanganyika hadi kimoja kimekuwa matone madogo ndani ya kingine. Ukiisukuma hiyo ardhini, yale matone yanaenda kuziba ule mfereji rahisi ambao maji yameuzoea. Maji yakikuta njia imefungwa yanalazimika kuingia vichochoroni, na huko ndiko mafuta yaliko. Mimi napenda hii ya pili. Ni akili ya mtu wa matatu: barabara kuu ikifungwa, dereva anagundua mitaa ambayo hajawahi kuiona.

Shida ya emulsheni ni moja tu, na nyanya yangu anaijua kuliko mhandisi yeyote. Inakatika.

Nyanya akipika mchuzi wa nazi, ole wako umwite wakati tui liko jikoni. Anakoroga bila kuacha, upande mmoja, hadi lichemke, kwa sababu ukiliacha linakatika: mafuta yanapanda juu, maji yenye vipande vipande yanabaki chini. Tui lenyewe ni emulsheni. Ni matone ya mafuta ya nazi ndani ya maji, yameshikiliwa na protini za nazi. Moto mwingi, chumvi mapema, ndimu, ukiacha kukoroga, lile shikilio linaachia. Kwa miaka yote niliyokaa darasani sikuwahi kupata neno zuri kushinda hilo la nyanya. Emulsheni imekatika.

Sasa ya kuizuia isikatike, hapa ndipo mimea inaingia, na hapa ndipo nilipendezwa hadi nikakosea.

Kuna njia ya kutumia vumbi badala ya sabuni. Mwaka 1903 mtu mmoja Uingereza anaitwa Ramsden, na 1907 mwingine anaitwa Pickering, walionyesha kwamba chembe ndogo ngumu zinaweza kujipanga juu ya tone la mafuta zikalifunika kama magamba ya samaki. Pickering, cha kuchekesha, alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la matunda, anatafuta dawa ya kupulizia miti. Molekuli ya sabuni huingia na kutoka kwenye mpaka wa tone kama abiria. Chembe ikishakaa haitoki. Nguvu inayohitajika kuing'oa ni kubwa mno. Tone lenye magamba likigongana na mwenzake haliungani naye. Halikatiki kirahisi.

Na chembe hizo zinaweza kutoka kwenye mimea. Ukuta wa kila mmea umejengwa na selulosi. Ukichukua makapi ya miwa, vumbi la mbao ama magunzi ya mahindi, ukayasafisha, ukayapitisha kwenye asidi kali ya salfa, unabaki na vijiti vidogo vinavyoitwa nanokristali za selulosi, upana wake nanomita chache tu. (Usijaribu nyumbani. Hiyo asidi inakula ngozi, si content.) Kuna lignini, ile inayofanya mti uwe mgumu. Kuna saponini, sabuni ya asili. Mjunju, mti wa jangwani unaomea hata huko Turkana, unayo kwenye magome na mizizi. Na kuna gundi ya miti ya jamii ya mgunga, ile dunia inaiita gamu arabika. Hiyo umeinywa mara nyingi bila kujua, ndiyo inayoshikilia mafuta ya ladha ndani ya soda ya machungwa yasipande juu. Marekani walipoiwekea Sudan vikwazo 1997, hiyo gundi waliiruhusu ipite. Soda kwanza, siasa baadaye.

Ukichanganya vyote viwili, safaktanti kidogo na chembe za mmea, vinasaidiana. Sabuni inashusha mvutano haraka ili matone yawe madogo, chembe zinafuata kuyafunika. Ila sabuni ikizidi inazing'oa chembe zenyewe, na unarudi pale pale. Kipimo ndicho kila kitu. Mpika sabuni yeyote atakuelewa.

Ndiyo nikafikiria: Turkana kuna mafuta, Turkana kuna gundi, mbona hakuna mtu anayeviunganisha? Jamaa mmoja niliyesoma naye, wa huko Lokichar, akaniletea nusu kilo. Nikayeyusha gundi kwenye maji ya bomba, nikatia tone mbili za Ungerol, nikamimina mafuta ya kupikia, nikatikisa hadi mkono ukauma. Siku tatu imekaa. Nikawasha kamera. Yaliyofuata mnayajua.

Wiki ya kwanza nilikuwa naota. Mtu aliniandikia anataka "kuwekeza". Mwingine akaniita mwanasayansi wa taifa. Hata baba alipiga simu, ambaye kwa kawaida hutuma tu "ok". Akaniuliza, "Kwa hivyo umerudi shule?" Nikamwambia bado, baba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini umeongea kama mtu wa shule." Manze, hiyo ilinikaa kifuani siku nzima.

Wiki ya tatu nikapokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja. Jina lake nitaliacha. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaookota gundi upande wa Lokichar. Alikuwa ametumiwa video na mwanawe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejipanga kusema.

"Kijana wangu, tumekusikia. Sisi tuko kumi na wanane. Tulikuwa tunaokota ile inayotoka yenyewe. Sasa tumeanza kuchanja miti ndio itoke nyingi, na tumechukua pesa ya chama tumenunua ya majirani. Tuko na gunia mbili zimejaa na ya tatu iko nusu. Hiyo kampuni ya mafuta itakuja lini? Ama tuwapelekee?"

Nilisikiliza mara nne. Hakuna kampuni. Sikuwa nimesema kuna kampuni. Lakini sikuwa nimesema hakuna.

Usiku huo ndio nilifanya kile nilichopaswa kufanya kabla ya kuwasha kamera. Chini ya ardhi si jikoni Githurai. Maji yaliyo kwenye miamba ya mafuta huwa na chumvi, mara nyingi na kalisi na magnesi ndani yake. Na joto hupanda kama nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka. Basi nikatengeneza chupa nyingine, safari hii na maji ya chumvi, nikaiweka ndani ya sufuria ya maji moto, moto mdogo. Nikakaa chini nikaitazama.

Dakika ishirini na tano. Mstari wa njano ukaanza kuonekana juu. Kufikia saa moja lilikuwa limekatika kabisa, kama tui la mtu asiyejua kupika.

Na ningejua! Hiyo ndiyo inanitia aibu zaidi. Kila siku natia chumvi kwenye sabuni. Ikiwa kidogo inashika uzito, ikizidi kidogo tu sabuni inageuka maji na umepoteza mtungi mzima. Mikono yangu ilikuwa inajua chumvi hufanya nini. Mdomo wangu ndio haukuuliza mikono.

Asubuhi nikamwandikia mwalimu wangu wa zamani wa chuo. Nilidhani hatanijibu, mtu aliyetoka na deni. Akapiga.

"Kijana, video yako niliiona," akasema. "Wanafunzi wangu walinionyesha."

"Pole, Daktari."

"Usiniambie mimi pole. Niambie, ulipiga hesabu?"

"Hesabu ya nini?"

"Ya gundi."

Akanifanya niipige hapo hapo kwenye simu, kama zamani. Tuseme uwanja mmoja wa mafuta unasukuma mapipa 10,000 ya maji kwa siku, ambayo si mengi. Pipa ni kama lita 159. Hiyo ni lita milioni moja na laki sita hivi. Weka gundi nusu asilimia tu. Unahitaji tani nane za gundi. Kwa siku. Mti mmoja hutoa gramu mia chache kwa msimu, tuseme 250. Hiyo ni mavuno ya msimu mzima ya miti 32,000, imeisha siku moja. Kesho unatafuta mingine 32,000.

Nilibaki nimeshika simu. Kikundi cha akina mama kumi na wanane kilikuwa na gunia mbili na nusu.

Akaniambia mengine ambayo niliyasahau au sikuwahi kuyafika. Kwamba dawa yoyote ukiisukuma ardhini, sehemu yake inashikwa na mwamba wenyewe kabla haijafika kwenye mafuta. Kwamba gundi na wanga ni chakula, na kuna bakteria wanaoweza kuvila njiani. Kwamba emulsheni ikiwa ngumu sana ni shida pia, kwa sababu huko juu kisimani inabidi uikate tena utenganishe mafuta na maji, na ukiwa umeitengeneza isikatike, utaikata na nini? Hiyo sikuwahi kuiwaza kabisa. Na ile sentensi yangu ya "kuna watu hawataki ujue", hakuna kitu kilichofichwa. Kazi hii imeandikwa wazi, watafiti wa China, Malaysia, India wako ndani, na Nigeria wameshaijaribu gundi hii hii kwenye maabara zao. Ni mimi tu sikuwa nimeitafuta.

"Kwa hivyo haiwezekani?" nikamuuliza.

"Nani amesema haiwezekani? Nimesema haujajaribu."

Na mimi bado naamini iko kitu hapo, sikufuta video kwa sababu nimekata tamaa. Maoni yangu, yachukue kwa bei ya mtu asiye na digrii: gundi tuiache. Ni chakula, ina soko lake, na yule anayeiokota anatembea nayo kichwani. Kama mimea itaingia kwenye mafuta ya Kenya, iwe ni taka. Makapi ya miwa, maganda ya mpunga wa Mwea, vumbi la mbao, vitu vilivyo kwa tani tayari. Najua viwanda vya sukari huchoma makapi kupata moto, kwa hivyo hata hiyo si ya bure kama tunavyodhani, na kutoka Mumias kwenda Lokichar si hapo karibu. Lakini angalau hesabu inaanza kuongea. Na ijaribiwe kwa mwamba wa Lokichar, maji ya Lokichar, na mafuta ya Lokichar yenye nta yake, si kwa mafuta ya mahamri. Tuko na vyuo vinavyofundisha petroli. Kwa nini mwanafunzi wa Kenya amalize miaka mitano bila kushika kipande cha mwamba wa Kenya? Nikiwa huko nilikiona kwenye picha tu.

Kuna lingine. Sheria ya Petroli ya 2019 inasema mapato ya serikali yagawanywe, asilimia 20 iende kaunti na 5 iende kwa jamii ya mahali mafuta yanapotoka. Wenyeji wa Turkana 2018 walifunga barabara malori yasipite, wakidai usalama na mgao wao. Hao ni watu ambao wameahidiwa tangu 2012. Wameshasikia "yanakuja" kutoka kwa wakubwa wa suti. Halafu mimi, mtoto wa lori wa Mariakani, nikaongeza ahadi yangu juu yake kwa sekunde 58, na yangu ndiyo waliitolea pesa ya chama.

Nilimpigia yule mama siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimeandika cha kusema kwenye karatasi. Sikumaliza mstari wa pili.

"Kwa hivyo hakuna kampuni."

"Hakuna, Mama."

"Na hiyo chupa ulishika?"

"Ilikuwa ya kweli. Lakini nilijaribu na maji ya chumvi na moto, ikakatika."

"Ulijaribu lini?"

Nikanyamaza. Yeye pia akanyamaza. Nilisikia mbuzi na mtoto anamwita mtu.

"Ulijaribu baada ya kutuambia," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Akanieleza mambo kwa utulivu, kama anayesoma hesabu za chama. Gundi haitaoza, kuna mnunuzi huja kila baada ya muda, watamuuzia. Atawapa bei ya chini kwa sababu ataona wako na nyingi. Pesa ya majirani itapungua kidogo, watajazia. Miti ndiyo hajui. Waliichanja vibaya, wengine walitumia panga, na huu ni ukame. Atangoja aone.

Nilimwambia nitatuma kile video ilinipatia. Ilikuwa shilingi 6,400. Hakukataa, hakushukuru sana pia. Alisema, "Hiyo tuma. Lakini wale watu uliwaambia, waambie tena." Nikasema nimeshafuta. Akasema, "Kufuta si kuwaambia."

Ndiyo hii, Mama. Nawaambia.

Kabla hatujakata simu nilimwomba kama anaweza kuniuzia kilo mbili, kwa bei ya kawaida, ile iliyotoka yenyewe. Daktari amesema nikipata gundi na makapi ya miwa ataniruhusu nikae kwenye maabara Jumamosi asubuhi, si kama mwanafunzi, kama mtu wa kuosha vyombo anayeangalia. Nitajaribu kwa chumvi, nitajaribu kwa moto, nitaandika dakika ilizokaa. Ikikatika dakika ya ishirini na tano mtaona ishirini na tano.

Mzigo ulifika jana kwa basi. Nilienda kuuchukua ofisi ya mizigo huko mjini, kamfuko kamefungwa kwa kamba mara tatu. Yule kijana wa kaunta akakanusa, akaniuliza ni nini hii.

"Gundi," nikasema. "Imetoka Turkana."

Akaniangalia vizuri, akaanza kutabasamu.

"Si hii ndiyo ya kutoa mafuta?"